Mwambie Ndevu Nimenyoa

Niliwaacha na mtu kitini kwangu, taulo la moto usoni, na mimi juu yake nikiropoka. Kwa wale mliokosa gazeti kwa sababu jirani mnayeazima kwake hakulimaliza mapema, nitarudia kidogo.

Mimi ni kinyozi. Wananiita Wembe, na si kwa sababu ya kazi, ni kwa sababu ya ulimi. Kabla gazeti hili halijaniokota, nilikuwa na safu kwenye gazeti jingine kila Jumamosi. Nilikuwa naandika maisha yangu bila kuficha kitu: nilivyoachwa, nilivyofilisika, nilivyolala kituo cha basi nikaota nimelala kituo cha basi. Watu walinipenda. Mtu akijivua nguo barabarani, nani atageuza shingo?

Jambo moja tu sikuliandika.

Mdogo wangu wa kike alikuwa amemkimbia mumewe, akaja kujificha chumbani kwangu. Huyo mume hakunijua. Mimi nilipotea kwenye ukoo kabla hawajaoana, na ndugu wote walishanihesabu hadithi, isipokuwa shangazi yetu mmoja.

"Kaka, andika yote unayotaka," mdogo wangu aliniambia siku aliyofika, mkono ukiwa bado kwenye bandeji. "Ila mimi usiniandike."

Nikaapa. Na kwenye karatasi, kiapo nilikitunza.

Lakini nina ugonjwa wa kazi. Kila ninachotaka kuandika hukijaribu kwanza kwa mdomo, kwa mteja aliyefunikwa uso. Mwenzangu wa saluni, mzee tunayemwita Sabuni, ndiye anayewaosha na kuwawekea taulo la moto ndevu zilainike. Mimi nikija na wembe nakuta kichwa kisicho na macho. Hakuna msikilizaji bora. Hakatizi, hakodoi, na hawezi kuondoka.

Basi mmoja wao nilimsimulia jinsi chumba changu kilivyochangamka tangu nipate mgeni. Jinsi mdogo wangu anavyoosha vyombo huku akiimba mdomo umefungwa, mm-mm-mm, wimbo usio na maneno wala mwisho.

Nikamnyoa ndevu zake zote, mzigo mzima. Akainuka. Akapitisha kiganja kidevuni.

"Kazi nzuri, shemeji," akasema polepole. "Msalimie mke wangu. Mwambie ndevu nimenyoa."

Hapo ndipo mlipokunja gazeti. Lifungueni sasa.

* * *

Mlango ulipojifunga nikamgeukia Sabuni.

"Mzee, yule ni nani?"

"Mteja."

"Si ulimwona uso?"

"Niliona ndevu," Sabuni akajibu, akiwa ameshika fagio. Ndevu zenyewe zilikuwa pale sakafuni. Akazitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasahau kufagia.

Nikatoka mbio. Sikwenda mbali. Mtu wangu alikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, amekaa benchi la mbele linalotazamana na mlango wetu. Ameshaagiza. Akanionyesha nafasi pembeni yake kama mtu aliyenialika.

Nikakaa. Miguu ndiyo iliyoamua, si mimi.

"Umenipataje?"

"Wewe ndiye uliyenipata mimi," akasema. "Kila Jumamosi."

Sauti yake haikupanda. Mdogo wangu alishaniambia kwamba mumewe hapazi sauti hata kidogo, na mimi nikadhani hiyo ni sifa.

"Mke wangu alinisimulia siku moja," akaendelea, "jinsi mlivyokunywa chupa nzima ya dawa ya kikohozi mkidhani ni asali. Mkalala kutwa, baba yenu akaita majirani waje kulia. Mkaamka katikati ya matanga yenu. Nilicheka sana. Kisha nikaisoma gazetini, ileile. Sasa niambie, shemeji, ni watu wangapi duniani wameliliwa kwa ajili ya dawa ya kikohozi?"

Ile makala niliipenda. Ilileta salamu nyingi kuliko zote.

"Wiki nyingine ukaandika kiti chako kina mkono mmoja wa chuma na mmoja wa mbao. Nyingine ukalalamika juu ya harufu ya petroli inayotoka kituo cha jirani. Mimi nikawa nasoma na kutembea, nasoma na kutembea." Akanywa chai. "Umenichosha miguu, lakini umenifikisha."

"Unataka nini?"

"Mke wangu tu. Wala sina haraka. Utaniambia alipo."

"Siwezi kukuambia."

"Wewe?" Akatabasamu, na tabasamu lenyewe lilikuwa la upole kabisa. "Hujawahi kujizuia."

* * *

Tangu siku hiyo alikuwa anafika kabla hatujafungua. Nikitoka kumwaga maji, ananipungia. Nikifunga, anasimama na kujinyoosha, tayari kwa safari. Nikaelewa: anangoja nimwongoze nyumbani kama mbuzi anayejua zizi.

Basi sikwenda nyumbani. Nililala saluni, kwenye benchi la wateja, nikawa nanukia pafyumu ya kila mtu isipokuwa yangu.

Nilikwenda polisi pia, msije mkasema sikwenda. Askari wa zamu akanisikiliza, kalamu mkononi.

"Alikutishia?"

"Hapana."

"Alikupiga?"

"Hapana."

"Kwa hiyo mtu amenyolewa, akashukuru, akatuma salamu kwa mkewe, sasa anakunywa chai." Akaweka kalamu chini. "Wewe si ndiye Wembe wa gazetini? Mke wangu anakusoma. Hebu nimalizie ile ya kituo cha basi."

Nikammalizia. Hiyo ndiyo hali niliyokuwa nayo, ndugu zangu. Mji mzima uliyajua maisha yangu, na hakuna aliyeamini kwamba ninaishi.

Mdogo wangu hakuwa na simu. Aliitupa siku aliyotoroka. Nikampigia mama mwenye nyumba wangu, akampelekea ya kwake chumbani.

"Kaka, vipi mbona huji?"

"Yuko hapa."

Nikasikia akifunga dirisha.

"Anafananaje siku hizi?"

"Amenyoa ndevu."

"Yule? Haziachii kamwe. Nani kamnyoa?"

"Mimi."

Hakucheka. Na mimi, kwa mara ya kwanza, sikutaka mtu acheke.

"Uliniandika?"

"Sikukuandika, naapa. Nilisema tu. Kwa mdomo. Alikuwa amefunikwa taulo."

"Kwa hiyo ahadi umeitimiza," akasema taratibu. Ningependa zaidi angenitukana.

"Nisikilize, mdogo wangu. Nina mpango."

"Usiniambie."

"Lakini ni mzuri—"

"Kaka. Usiniambie wako, na mimi sikuambii wangu. Kitu kikishaingia kichwani mwako kinaanza kutafuta mlango wa kutokea."

Akakata. Mimi katika maneno yale nikasikia nusu ya kwanza tu: usiniambie wako. Nusu ya pili ilinipita kama basi lililojaa.

* * *

Mpango wangu ulikuwa huu. Shangazi yetu anaishi mbali, safari ya nusu siku. Wiki ile alikuwa anakwenda kwa bintiye aliyejifungua, kukaa mpaka mtoto akaze shingo. Mwenyewe alinipigia kuniaga. Nyumba itabaki na kufuli, bata atawaachia jirani.

Nikasema: nitaandika kwamba mgeni wangu ameondoka, yuko kwa shangazi. Mwenye mke wake atasoma, atapanda basi, atakwenda kugonga kufuli. Nusu siku kwenda, nusu siku kurudi. Humo katikati, rafiki yangu dereva wa lori atampakia mdogo wangu na kumpeleka upande mwingine kabisa, mahali ambapo mimi mwenyewe nitakataa kutajiwa.

Shida ni kwamba sijui kubuni. Miaka yote nimeishi kwa kuandika yaliyonipata; uongo sikuwahi kuufanyia mazoezi. Kwa hiyo nikaandika nyumba ya shangazi kama ilivyo, kweli tupu, na ule uongo mmoja nikauficha katikati kama mwiba ndani ya samaki.

Nikaandika bata wake, wanaompigia kelele mgeni akiwa bado barabarani. Nikaandika macho yake yaliyoingia ukungu, hata watu anawajua kwa umbo tu. Nikaandika kwamba katika maisha yake shangazi hajawahi kuuliza "nani?" Ukipiga hodi ya kwanza, anasema karibu. Ya pili hujawahi kuifikisha. Aliwahi kumkaribisha mwizi, akamwandalia chakula, mwizi akaondoka na aibu tu.

Aya hiyo ilinitoa machozi mwenyewe.

Nikaipeleka kwa mhariri, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Akasoma akiwa amesimama. Akakaa. Akasoma tena.

"Huyu mdogo wako hukuwahi kumtaja."

"Sasa nimemtaja."

"Na haya ni ya kweli?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Akanitazama juu ya miwani. "Hapana. Ndiyo maana wanakununua. Hii naitoa ukurasa wa mbele."

Oneni mambo. Miaka yote ya ukweli niliwekwa ndani, jirani na matangazo ya dawa za panya. Uongo mmoja, ukurasa wa mbele.

* * *

Jumamosi ikafika. Muuza magazeti akapita ng'ambo, mtu wangu akanunua. Mimi na Sabuni tukajibanza nyuma ya pazia kama watoto.

Akasoma bila kuharakisha. Alipofika mwisho akalikunja gazeti vizuri, pembe kwa pembe, akaliweka ndani ya koti. Kisha akavuka barabara, akaingia, akakaa kitini kwangu.

"Zimeanza kuchipua," akasema akijigusa kidevu. "Ninyoe tena."

Sabuni akaja na taulo. Akalikataa kwa kiganja. "Leo niacheni uso wazi."

Nikampaka povu. Nikashika wembe. Akainua kidevu, akafumba macho, na shingo yake yote ikawa mbele yangu, na mshipa wake unapiga. Kule kwenye beseni Sabuni alikuwa hapumui. Nataka niseme kwamba lile wazo halikunijia. Lakini mmeshazoea nisiwadanganye, basi tuendelee.

"Umeandika vizuri leo, shemeji," akasema, macho yamefumbwa, wembe kooni. "Kwa shangazi yenu nilishafika, mke wangu alipoondoka tu. Nilikwenda na ndevu zangu zote. Alinitambua kabla sijafika mlangoni, akanitoa mbio na mwiko. Hakuwa na mtu siku hiyo, nilizunguka nyuma nikachungulia kila dirisha."

"Basi utaona leo," nikasema. Ndani yangu kufuli lilikuwa linacheka.

"Nitaona." Akafungua macho, akajitazama kiooni, akageuza shavu huku na huku. "Wewe ni mtu mkweli. Siku hizi ni wachache."

Akanipa mkono. Ulikuwa mkavu na wa moto. Kisha nikamwona kwa macho yangu anapanda basi, anakaa dirishani, na basi linaondoka.

Sabuni akaachia pumzi. "Kaenda."

"Kaenda kusalimiana na kufuli," nikasema, nikacheza nusu duara na fagio.

Nikampigia mama mwenye nyumba nimwambie mdogo wangu afunge mizigo. Simu haikupokelewa. Nikajua chaji, maana simu ile hufa mara nyingi kuliko paka. Nikampigia dereva wa lori, akasema jioni atakuwa tayari.

Ningeweza kuondoka saa ileile. Lakini ilikuwa Jumamosi, vichwa vimepanga foleni, na kila kichwa kimesoma ukurasa wa mbele. Wote wanataka kuniuliza habari za bata. Mnanijua. Nikawapa bata mpaka wakashiba. Nikaigiza sauti ya shangazi: "Karibu, mwanangu, karibu." Saluni nzima ikaangua kicheko, na jua nalo likazidi kuteremka.

* * *

Nilifika nyumbani nikipiga mluzi. Mama mwenye nyumba alikuwa uani anaanua nguo. Aliponiona akavuta shuka mbele ya uso, kama mtu asiyetaka kuulizwa.

"Shikamoo, mama. Mbona simu hupokei?"

"Marahaba. Imeharibika."

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaiacha ilie mpaka ikachoka yenyewe.

Nikapita, nikafungua chumba changu. Kitanda kimetandikwa. Vyombo vimeoshwa na kufunikwa. Kwenye msumari palipokuwa na khanga yake pana msumari tu.

Nikarudi uani. "Mama, yuko wapi?"

"Mimi sijui."

"Mama."

"Nimekatazwa, Wembe. Usinitie dhambini. Kaniapisha nisikuambie, wewe kuliko wengine wote. Kasema mdomo wako una mtambo wa kuchapia."

"Aliondoka lini?"

"Jana asubuhi. Kalia sana, maskini. Kasema akikuaga utamwuliza aendako, na wewe ukijua, Jumamosi watu wote watajua."

Nikamshika mkono. "Mama yangu, nakuomba. Niambie tu si mbali. Niambie amekwenda upande gani."

Akazikumbatia nguo. Akaangalia kushoto, kulia, kama anayevusha magendo.

"Haya, lakini usiandike. Alimpigia shangazi yenu kwa simu yangu hii. Shangazi akaahirisha safari ya kwa bintiye ili akae naye. Kasema huko ndiko salama: mume alishapatafuta akakosa, na mtu hatafuti mara mbili mahali pamoja."

Nikakaa. Palikuwa na ndoo ya maji, nikakaa ndani ya maji, wala sikujua.

"Wembe? Kwani vibaya? Mbona umekuwa hivyo? Gazeti la leo sijalisoma bado, limeandika nini?"

* * *

Nikatafuta namba ya shangazi. Nikakosea, nikafuta, nikakosea tena. Mama mwenye nyumba akaninyang'anya simu, akapiga yeye, akanirudishia sikioni.

Ikaita. Ikaita. Nikaomba isipokelewe. Nikaomba shangazi awe amesafiri, mama mwenye nyumba awe ameota.

"Haloo," akasema shangazi.

"Shangazi, ni mimi. Mdogo wangu yuko hapo?"

"Nani? Hapana, baba. Hayupo. Nani kakwambia yupo?" Shangazi hajui kudanganya, ni ugonjwa wa ukoo. "Hata mimi mwenyewe sipo. Nimesafiri."

Nyuma yake nilisikia maji, na sahani ikigusana na sahani. Na juu ya maji, mdomo umefungwa: mm-mm-mm.

"Shangazi, namsikia anaosha vyombo."

"Ni redio hiyo."

"Shangazi, nisikilize. Funga mlango. Funga sasa hivi, mumewe anakuja huko."

"Unasema? Sema kwa nguvu, hawa bata wameanza wazimu wao."

Niliwasikia. Wote kwa pamoja, kama nilivyowaandika.

"Funga mlango, shangazi! Mwambie atokee nyuma!"

"Ngoja kwanza, mwanangu, usikate. Kuna mtu njiani, simjui. Kijana nadhifu tu, hana hata ndevu."

Nilipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Lakini alishaishusha simu. Nikasikia ikiwekwa juu ya meza, na kandambili zake zikiburuta kuelekea mlangoni.

"Hodi," ikasema sauti. Ya polepole, ya heshima. Hodi moja.

"Karibu, mwanangu," akasema shangazi. "Karibu ndani. Mlango uko wazi."

Maji yaliendelea kumwagika. Wimbo ukakatika.